Kombe la Arobaini

Kuna mtu hufukuzwa kwa matusi, na huyo ana bahati, kwa maana anaijua saa aliyofukuzwa na anaweza kurudisha tusi moja au mawili akiwa mlangoni. Mwingine hufukuzwa kwa keki. Huyu hula kipande chake, akashukuru, akajifuta mdomo, na siku nyingi hupita kabla hajatambua kwamba kiti chake kimeshakaliwa. Alcide Poirier wa Dunreagh, katika Kisiwa cha Prince Edward, alikuwa wa aina hii ya pili.

Kwa miaka thelathini na tisa Alcide alikuwa mwanzisha mbio katika uwanja wa Dunreagh, ambako farasi huvuta vigari vya magurudumu mawili na hawaruhusiwi kwenda shoti. Mbio hizo hazianzi kwa bastola wala kwa kengele. Gari hutangulia likiwa limekunjua mabawa mawili marefu ya chuma, ndiyo lango lao, farasi wanane hulifuata pua zao zikikaribia kuligusa, gari huongeza mwendo, na kwenye mstari mabawa hukunjwa na gari likachomoka. Mwanzisha mbio hukaa nyuma ya gari hilo akitazama kinyumenyume, uso kwa uso na farasi. Dereva huona njia. Yeye huona macho, mapovu na masikio. Alcide alimjua farasi aliyeogopa bawa la kushoto, na yule aliyejifanya mgonjwa mpaka mstari ukaribie.

"Sogea, Vernon, usilale," alikuwa akisema kwenye kipaza sauti. "Na wewe wa tatu, mshike huyo, hakualikwa harusini peke yake."

Jukwaa zima lilicheka. Waendeshaji waliapa kwamba hata farasi walitulia waliposikia sauti ile.

Sasa alikuwa na miaka sabini na mmoja na tamaa moja tu. Kila Agosti Dunreagh huwa na Kombe la Mavuno, na Alcide alikuwa amelianzisha mara thelathini na tisa. Alitaka la arobaini, kisha ashuke garini mwenyewe, kwa miguu yake. Alimwambia hivyo mkewe Rosella, akamwambia kinyozi, akamwambia padri baada ya misa, akawaambia hata wasiouliza.

Majira ya baridi ya mwaka ule, kamati ya wakulima iliyokuwa ikiendesha uwanja ilichoka. Iliukabidhi kwa kampuni ya bara yenye kasino, na kampuni ikamleta meneja mpya, Bwana Graham Tolland, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, asiyepandisha sauti. Aprili aliwakusanya wafanyakazi wote kantini akawaahidi kwamba hakuna atakayepoteza kazi. Mpishi wa supu ya samaki alipewa maua. Wakata tiketi walipewa saa za mkononi. Kufikia Mei tiketi zilikuwa zikikatwa na mashine na supu ilitoka kwenye kopo, na bado, ukihesabu vizuri, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyefukuzwa.

Keki ya kwanza aliyoila Alcide, Mei hiyohiyo, ilikuwa ya kumuaga Hector MacInnis, dereva wa gari la lango kwa miaka ishirini na miwili. Hector alihamishiwa kwenye maegesho ya magari, eti apate hewa safi.

"Hewa safi?" Hector aliuliza, kisahani mkononi. "Miaka yote hii nafanya kazi uwanjani, nje kweupe. Kwani nilikuwa navuta hewa ya nani?"

"Ni umri, ndugu yangu," Alcide alimtuliza. "Ni macho yako hayo."

"Macho yangu yanaona. Yako ndiyo yenye ukungu."

Alcide alicheka, akaongeza kipande cha pili.

Juni ikaja sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, iwape waendeshaji maagizo ili koo la Alcide lipumzike. Kikafuata kioo kidogo mbele ya kiti chake, cha kuhesabu sekunde, kwa sababu watu wa bara waliokuwa wakiweka dau kupitia televisheni hawakupenda kungoja. Zamani farasi jike wa Vernon MacSwain, Clara, aliyekuwa mwoga kupindukia, aliachwa aje mwisho kwa wakati wake, na Alcide alimngoja. Sasa sekunde ziliisha na lango likaondoka, Clara akiwa bado anatupa kichwa huko nyuma. Julai Alcide akapunguziwa siku za Jumatatu, apumzike zaidi. Kila jambo lilikuja na barua nzuri yenye shukrani, na Alcide alizitunza barua hizo kwenye droo ya vijiko.

"Kwa hiyo wamekuchukulia dereva, wamekuchukulia sauti, wamekuchukulia na Jumatatu," Rosella alisema akimenya viazi. "Umebaki na nini, mume wangu? Makalio?"

"Na makalio ndiyo yanayokaa kwenye kiti."

"Basi nenda ukamuulize. Usizunguke. Kombe ni langu au si langu? Maneno matano, sita."

Alcide alikwenda. Bwana Tolland alifunga mlango, akammiminia kahawa, akamwonyesha picha ya zamani aliyoitundika ukutani, Alcide kijana akiwa nyuma ya gari na kofia ya manyoya.

"Mzee Alcide, Dunreagh bila wewe si Dunreagh," alisema, mkono begani mwake. "Siku ya Kombe nataka kila mtu akuone."

Alcide alirudi nyumbani akiimba.

"Amekubali," alimwambia mkewe.

"Amesema utalianzisha?"

"Amesema anataka kila mtu anione."

"Hata maiti hulazwa sebuleni ili kila mtu aione," Rosella alisema. Alipouona uso wa mumewe alijuta, akamkatia mkate.

Sisi wa Dunreagh tuliona, tukanyamaza. Tusimcheke Alcide sana. Mtu anayetamani kitu kimoja tu huwa kama mwenye njaa anayenusa jikoni. Ukimwambia chakula hakipo, atakujibu kwamba harufu anaisikia. Usiku aliota farasi wanakuja, akaamka vidole vikitafuta kipaza sauti kwenye shuka. Alipanga hata shati. Alijua atakavyowaita waendeshaji wote kwa majina, mmoja mmoja, mara ya mwisho.

Alhamisi, siku tatu kabla ya Kombe, ratiba ya mbio ilichapishwa. Saa tano asubuhi mlango wa kina Poirier uligongwa. Alcide alipofungua alimkuta jirani yao, Mama Ethel Gillis, amevaa gauni jeusi na kushika sinia la pai ya nyama iliyofunikwa kitambaa. Mama Gillis alirudi hatua moja nyuma.

"Alcide?"

"Ndimi."

"Hujambo?"

"Sijambo, mama. Kwani kafa nani?"

Mama Gillis alilitazama sinia, akamtazama yeye. "Wewe," alisema.

Katika kisiwa chetu, mbio zenye jina la mtu ni za marehemu. Jamaa zake huja, husimama kando ya farasi aliyeshinda, humvisha blanketi lililotariziwa jina la mpendwa wao, hupigwa picha, hulia kidogo. Haijatokea aliye hai akapewa. Lakini kampuni ilitaka kumtukuza Alcide, na fomu ya ofisini ilikuwa na nafasi ya namna hiyo moja tu. Na kwa kuwa wenye kuijua desturi walikuwa wameshapewa maua na saa, hakuna aliyeshtuka. Ratiba ikasema, mbio za saba: Kumbukumbu ya Alcide Poirier. Chini kidogo, mbio za tisa: Kombe la Mavuno, mwanzisha mbio Darlene Stavert.

Bwana Tolland aliomba radhi kwa simu, akacheka, akailaumu kompyuta. Karatasi ya kubandika juu ya neno lile itapatikana kufikia Jumapili, alisema, na heshima iko palepale.

"Na za tisa?" Alcide aliuliza. "Hilo nalo ni kosa la kompyuta?"

"Tulidhani siku kama hiyo ungependa kukaa jukwaani na familia yako."

Alcide aliweka simu chini taratibu. Yeye na Rosella walikula pai ya matanga yake mwenyewe, na alipomaliza aliinamisha kichwa mezani, Rosella akamshika shingo kama mtu ashikavyo mtoto mwenye homa. Hakumwambia nilikuambia. Wanawake wengi wangesema.

Jumapili jua lilikuwa kali na vumbi jekundu limemwagiwa maji. Alcide alivaa shati lake, akamvisha farasi wa mbio za saba blanketi lenye jina lake, akapigwa picha. Watu walisimama wakapiga makofi mengi, na wengine walilia kweli. Alipotoka hapo, Vernon MacSwain alikuwa akimngoja nyuma ya mazizi, na Hector amekuja kutoka maegeshoni, na waendeshaji sita wamesimama nyuma yao.

"Sema neno moja tu, mzee," Vernon alisema. "Hatutoki. Hakuna kigari kitakachofungwa mpaka wewe uwe garini. Waache hao wa televisheni waangalie nyasi."

"Mimi gari nitaliendesha," Hector aliongeza. "Hewa safi nimeishiba."

Alcide alitaka. Tusimpambe kwa fadhila asizokuwa nazo; alitaka kwa moyo wote. Kiti kilikuwa hatua mia moja kutoka pale. Angekaa, lango lingekunjuliwa, nyuso nane zingemjia, na la arobaini lingekuwa lake. Akamtazama Clara, ameshavishwa hatamu, shingo inatiririka jasho. Baada ya nusu saa ya mabishano, alijua, Clara asingebaki na mbio ndani yake. Alifikiri pia kwamba angekaa kwenye kiti hicho akisikiliza sauti ya mwanamke asiyemjua ikiwaamuru rafiki zake, na kioo kikimhesabia.

"Kombe nililolitaka halipo tena," alisema mwishowe. "Hata mkinipa hili, si lile. Nendeni mkafunge."

"Mzee..."

"Nenda, Vernon. Jike lako linachemka."

Walipokuwa wakitawanyika, mwanamke mwenye koti la kampuni alimfuata kwenye ukuta wa mazizi. Alikuwa Darlene Stavert mwenyewe. Hakutabasamu, na Alcide alimshukuru moyoni kwa hilo.

"Nisamehe kukusumbua, mzee. Namba sita, Clara. Wanasema analiogopa lango."

"Haogopi lango. Anaogopa kivuli cha bawa. Mwache aje mwisho kabisa. Sekunde mbili, si zaidi."

"Kioo hakina sekunde mbili."

"Najua kisichokuwa nacho."

Darlene aliitikia kwa kichwa akaenda.

Alcide alisimama kwenye ua wa mbao karibu na mstari, mahali asipowahi kusimama siku ya mbio. Gari lilikuja limekunjua mabawa. Farasi saba walikuwa sawa, na Clara nyuma. Alcide alihesabu kwa midomo. Sekunde ziliisha. Gari halikukimbia. Moja, mbili; Clara akaingia mahali pake, masikio wima, na hapo ndipo gari likachomoka. Darlene alikuwa amemngoja. Alifanya vizuri, vizuri kabisa, na jambo hilo lilimuuma Alcide kuliko yote ya mwaka ule. Lau angekosea, mzee angepata angalau kinyongo cha kujifariji nacho.

Kisha wakampita. Miaka thelathini na tisa, kwa kuwa gari na farasi walikwenda mwendo mmoja, aliwaona kama waliosimama hewani mbele yake, wakimtazama kwa utulivu. Hakujua kwamba walikuwa na kasi namna ile. Wanane walipita kwa mvumo mmoja, upepo wao ukamjaa kifuani, na hakuna hata mmoja aliyegeuza uso. Alishika ubao wa ua kwa mikono miwili. Alitamani wasimame, ama yeye awe kijana, ama Mei irudi.

Bwana Tolland alimkuta hapohapo baada ya zawadi kutolewa.

"Siku nzuri sana, Mzee Alcide. Jumatatu tuna kikao cha msimu ujao. Tumekuandalia meza yako kule juu, yenye jina."

"Sitakuja, Bwana Tolland. Jumatatu wala siku nyingine."

Meneja alishangaa, na alishangaa kwa dhati. "Lakini mzee, hakuna mtu hata mmoja aliyekuambia uondoke."

"Najua," Alcide alisema. "Ndiyo maana nimechelewa."

Alimpa mkono, akamchukua Rosella jukwaani, wakatoka. Angalikuwa ameambiwa neno moja la wazi mwezi wa Mei, angalilia Mei, na Agosti ingemkuta amekwisha kufuta machozi. Hakuambiwa, kwa sababu wapole wenye madaraka hawasemi, na asiyesoma vitendo hubaki akingoja maneno. Wahenga walituonya mapema: akufukuzaye hakwambii toka.