Udongo wa Shimo la Bondeni

Mtu mmoja alikuwa na chungu cha kale. Aliitwa Senkondo, mkuu wa ukoo wa mlimani. Watu wake walisema chungu hicho kilifinyangwa na mama wa kwanza wa ukoo, kwa mikono yake mwenyewe, huko ng'ambo ya ziwa walikotoka. Asubuhi ukikitegea sikio kilivuma polepole, kama mwanamke anayembembeleza mtoto. Walikiogopa, nami siwacheki.

Bondeni waliishi wafinyanzi, waliochimba udongo wao kwenye shimo la huko. Watu wa mlimani walipikia vyungu vya wafinyanzi hao, lakini kuoana nao, hasha. Sasa Nakiete, binti pekee wa Senkondo, akampenda Kitojo, mwana wa mfinyanzi. Senkondo akatafuta ushahidi kwamba ukoo wake una asili nyingine, apate kuwatenganisha. Alipopita mtaalamu wa mambo ya kale, akammegea kipande cha ukingo wa chungu aende kukipima. Mtaalamu akamwambia kwamba kila shimo la udongo lina madini yake kwa kiasi chake, na moto hauyafuti.

Majibu yalikawia. Wazee wa wafinyanzi wakatangulia, wakapanda mlima na pombe ya posa. Senkondo akapandwa na hasira, hakungoja tena. Akakitoa chungu uani. Desturi ya huko wote waliijua: laana inayotamkwa kwa kuvunja chungu hairudi. Mchana kweupe chungu kilivuma kwa nguvu, hata wageni wakasikia. Akainua rungu.

“Kila aliyetoka kwenye shimo la bondeni, yeye na uzao wake wote, wapotee kama chungu hiki!”

Rungu likashuka, chungu kikavunjika, mvumo ukakatika. Wafinyanzi wakateremka na pombe yao.

Siku ya tisa barua ya mtaalamu ikafika. Nakiete akamsomea baba yake. Udongo wa kile kipande haukutoka ng'ambo ya ziwa. Madini yake yalilingana na ya shimo la bondeni, na ya hapo tu. Basi mama wa kwanza alikuwa binti wa wafinyanzi.

Senkondo akafungua kinywa ayafute maneno yake, akaonja udongo mbichi juu ya ulimi. Hajasema tena tangu siku hiyo. Mlimani na bondeni sasa wanangoja pamoja, na hakuna ajuaye msiba utaanzia mlango gani.

Nawe unayemdharau jirani yako, umeshauliza udongo wako ulichimbwa wapi?