Binti Raihani na Ulimwengu Uliozidi Ukweli

Imepokewa kwa watu waliosikia kwa masikio yao, wala hawakuongeza ila chumvi kidogo ya kuyafanya maneno yalike, ya kwamba katika mji wa Kasimuna, mji uliozungukwa na vilima vya mawe mekundu na mabonde ya makomamanga, alitawala sultani aitwaye Mundhiri bin Shaabani, na raia zake walilala kwa amani, na hazina yake ilijaa, na moyo wake ulikuwa na jeraha moja tu, nalo ni binti yake wa pekee, Raihani. Kwani alipokuwa na umri wa miaka tisa alishikwa na homa kali, na homa ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu yake, na matabibu wakaja kutoka pande nne za dunia wakarudi na bakhshishi zao, na miguu ikabaki vile vile.

Basi Raihani akakua akikaa dirishani. Na dirisha lake lilielekea uwanja wa farasi wa baba yake, na chini ya dirisha hilo alifanya kazi fundi wa matandiko, kijana maskini aitwaye Haidari bin Faraji, mwenye mikono mipana na maneno machache. Na kwa kuwa binti hakuwa na wa kuzungumza naye ila yaya wake, naye yaya alikuwa mzito wa masikio, akazoea kumwuliza fundi habari za farasi.

"Fundi," alimwambia siku moja, "farasi akipiga mbio, aliyempanda husikia nini?"

Haidari akaacha sindano. "Husikia upepo, bibi."

"Upepo nausikia hata hapa."

"Si upepo huu," akasema, na akatafuta maneno asiyapate, na akaona haya, akainama tena kazini. Na tangu siku ile swali lile likamkaa kifuani kama mwiba, kwani aliona ni aibu mtu kushona matandiko miaka kumi na asiweze kumweleza mwenziwe farasi ni nini.

Ikawa asubuhi moja akaletewa tandiko kuukuu alifumue, na ndani ya sufi yake akakuta pete ya chuma yenye maandishi yaliyofifia. Akaisugua kwa kidole apate kuyasoma, na palepale ukatoka moshi wa rangi ya zambarau, ukapanda hata ukazidi paa la banda, na farasi wote wakapiga kwato, na moshi ukawa jini mwenye ndevu za shaba.

"Mimi ni Zimrani, mtumwa wa pete, fundi wa mafundi!" akanguruma. "Nimejenga majumba saba chini ya bahari na bustani angani, wala hajatokea mwanadamu wala jini aliyeona kasoro katika kazi yangu. Sema utakalo, ewe bwana wangu. Wataka dhahabu? Wataka kiti cha enzi?"

Haidari akainua macho dirishani. "Nataka binti wa Sultani apande farasi," akasema.

Jini akatikisa kichwa. "Kuponya miguu ni kwa Yule aliyeiumba, mimi siwezi. Lakini mahali pa kupanda naweza kumtengenezea."

Akapiga makofi matatu, na mikononi mwake ikawa sinia ya shaba, na juu yake vimechorwa vilima na mito na miji midogo kuliko kunde. Na Haidari akaipeleka kwa Sultani, akaeleza habari yote bila kuficha, na Sultani akasita sana, ila alipoona uso wa binti yake akatoa idhini. Raihani akaweka kiganja juu ya sinia, akasema Bismillahi, na mwili wake ukabaki kitandani kama wa aliyelala, na yeye mwenyewe akajikuta amesimama kwa miguu yake mbele ya lango la kijani, na nyuma ya lango hilo dunia nzima.

Alikimbia. Hakufanya neno jingine siku ile ila kukimbia, na kuanguka nyasini, na kuinuka. Siku ya pili akapiga mluzi, na farasi mweupe akaja kutoka upeo wa macho akiwa ametandikwa tayari, na Raihani akampanda wakaruka mabonde. Akaona mji wa ndege waimbao mashairi, akaona pango la lulu linalolindwa na simba mwenye adabu, na alipotoka langoni alikuta huku nje haujapita muda wa kunywa kahawa. Akainamia dirisha akicheka na kulia. "Fundi! Si upepo huu! Kweli si upepo huu!" Na Haidari akaficha uso wake katika ngozi aliyokuwa akiishona, asione mtu machozi yake.

Zikapita siku arobaini. Siku ya arobaini na moja Raihani alitoka kimya, akaomba aitiwe jini.

"Zimrani," akasema, "leo nimeanguka mtoni na nikatoka mkavu. Nimekaa ukingoni nikajitazama nguo, na moyo ukaniambia: aliyetoka mkavu hakuwa mtoni."

Jini hakuwahi kuambiwa neno kama hilo tangu aumbwe. Ndevu zake zikawaka moto. "Binti Sultani," akasema, "kesho utalowa." Na kweli kesho yake akalowa, na akakanyaga matope, na matope yakapenya kati ya vidole, yakiwa ya baridi na ya kuteleza, na Raihani akatoka akimwita fundi kwa sauti iliyosikika hadi jikoni, amweleze habari ya matope.

Laiti jini angeishia hapo. Lakini sifa zilimlewesha, na akakesha akiwinda kila uwongo uliobaki katika kazi yake. Akampa farasi njaa, ikawa lazima alishwe na kunyweshwa na kuchokonolewa kwato. Akaondoa mluzi, kwa kuwa hakuna farasi asikiaye mluzi kwa mwendo wa siku mbili. Tandiko akalitia mikanda saba, na kila mkanda ulitaka kukazwa, na usipokazwa ulilegea njiani. Maji yakachukua muda wa maji kuchemka, na buti zikachukua muda wa buti kukauka, na mlinzi wa kila mji akamwuliza msafiri jina lake na la babake na la babu yake kabla hajafungua, naye akirudi kesho huulizwa tena. Na mwisho akasawazisha hata saa, ikawa siku ya humo ndani ni siku ya huku nje.

Raihani hakulalamika, kwa sababu ni yeye aliyeomba. Lakini Haidari alisikia sauti yake ikibadilika.

"Leo umefika wapi, bibi?" alimwuliza.

"Leo?" Akafikiri. "Leo nimelisha farasi."

"Na baada ya kumlisha?"

"Nimesubiri buti."

Haidari akataka kusema neno, ila akajiona ni nani yeye, fundi wa ngozi, hata amkosoe jini. Akanyamaza. Na kunyamaza kwake kulikuja kumuuma baadaye kuliko kitu chochote.

Kwani siku ya pili yake Raihani alisema anakwenda kutazama Ziwa la Zafarani, mwendo wa siku tatu, na siku saba zikapita hajarudi. Kitandani uso wake ulikuwa umesinyaa, na midomo imekauka, na yaya akiidondoshea maji kwa pamba. Sultani akamwita jini, na jini akaja akiwa na furaha ya msanii.

"Ewe Sultani wa zama," akasema, "ulibaki uwongo mmoja tu katika kazi yangu, nami nimeuondoa. Binti yako hawezi kutembea. Basi na humo ndani hawezi. Sasa kazi imetimia, haina kasoro."

Kisha Sultani akasema kwa sauti ndogo, "Mtoe mwanangu."

Furaha ikamtoka jini usoni, kama mtu aliyeamshwa kwa maji. "Siwezi," akasema. "Nimeifunga dunia hiyo kwa kanuni zake, na nikiivunja naye yumo, atavunjika nayo. Hutoka kwa mlango tu, kwa miguu yake, au kwa miguu ya mwingine."

Hapo Sultani Mundhiri akashuka kitini, akavua kilemba chake, akamwendea Haidari aliyesimama karibu na nguzo. "Fundi," akasema, "ningeweza kukuamuru, lakini baba haamuru katika jambo kama hili. Nakuomba."

"Baba yangu Sultani, vaa kilemba chako," akasema Haidari. "Nilikuwa naingia hata bila kuombwa." Akaweka kiganja juu ya sinia.

Akakuta lango la kijani, na zizi kando yake, na farasi wa kahawia. Akamlisha, akachokonoa kwato, akafunga mikanda saba upesi, kwani kazi hiyo aliifanya kila siku ya maisha yake. Akamwambia kila mlinzi jina lake na la baba yake na la babu yake. Siku ya tatu, jua likiwa juu, akaliona ziwa, na hema, na farasi mweupe akila majani. Na kati ya hema na maji akamwona Raihani amelala kifudifudi, viwiko vimechubuka, kwani alikuwa akijiburura kwenda kunywa.

Haidari akaruka chini, akateka maji kwa kiganja, akamnywesha kidogo kidogo. Macho ya Raihani yakafunguka, yakamtazama muda mrefu.

"Umekuja kwa mlango?" akauliza.

"Kwa mlango, bibi."

"Umefunga mikanda yote saba?"

"Yote saba."

"Pole sana," akasema Raihani, na wote wawili wakaanza kucheka, na kicheko cha Raihani kikageuka kilio, na Haidari akamshika mkono, asimwambie nyamaza.

Akampa tende na mkate, akamwacha apumzike. Kisha akakata nguzo za hema na kitambaa chake, na kwa sindano aliyotembea nayo siku zote kofiani akashona kiegemeo kirefu nyuma ya tandiko, na mikanda mipana ya kushika mapaja, akampandisha juu ya farasi mweupe. Raihani akashika hatamu, akasogea hatua mbili, hatua nne, na hakuanguka.

Wakarudi kwa mwendo wa farasi waliochoka. Kila alipouliza, "Fundi, bado mbali?" Haidari alijibu, "Bado mbali, bibi," na hakumdanganya hata mara moja.

Siku ya pili adhuhuri wakatua chini ya mwamba kutengeneza chai, na maji yakakawia kuchemka kama ilivyo desturi ya maji. Raihani akamwuliza habari za mama yake, na Haidari, mtu wa maneno machache, akajikuta anasimulia: namna mama yake alivyouza maandazi mbele ya banda la farasi, na namna alivyokuwa akimwonjesha kila farasi andazi la kwanza, mpaka farasi wakawa wanamjua kwa hatua zake. Wakasahau sufuria. Walipogeuka, maji yalikuwa yamechemka yakakauka, ikabidi kuteka mengine.

"Ajabu," akasema Raihani. "Nimechemsha maji hapa peke yangu mara ishirini, na kila mara nimeyalaani. Leo nilitaka yachelewe." Kisha akasema, "Haidari." Ni mara ya kwanza kumwita kwa jina, na Haidari akaangalia moto kwa bidii kubwa.

Walipotoka langoni Raihani akafumbua macho kitandani, na Sultani akamkumbatia, na yaya akapiga vigelegele. Na pembeni mwa chumba alijikunja jini Zimrani, amejifanya mdogo kama paka, hathubutu kuinua uso.

"Njoo," akamwambia Raihani.

"Nilitaka isiwe na uwongo," akasema jini.

"Najua. Na matope yale, Zimrani, sitayasahau maisha yangu. Hukuwa umekosea kuyatia. Ulikosea kudhani kwamba kilichonifurahisha ni taabu yake. Mimi naishi na taabu kila siku, naijua kuliko wewe. Yaache matope. Uache na mto ulowanishe. Buti zikauke mtu akigeuka, na mlinzi akimjua mtu amjue, na mkanda uwe mmoja. Na miguu, mwenye kuingia aingie na ile aipendayo."

"Na maji ya kuchemsha?" akauliza jini, ambaye sasa alikuwa akiandika yote kwenye kiganja chake kwa ukucha.

Raihani akafikiri. "Kwa aliye peke yake, yachemke mara moja. Kwa walio wawili, yachelewe."

Jini akalia machozi ya shaba, akasema kwamba katika miaka elfu ya ufundi wake hakuna aliyemfundisha neno kama hili. Na Haidari akamvulia pete akampa, kuwa ndiyo ujira wake na uhuru wake. Naye Zimrani akaomba aruhusiwe kuichukua ile sinia, ailaze kitandani kwa wagonjwa wa mji mmoja baada ya mwingine, na Raihani akamruhusu.

Kwa maana Raihani hakuwa na haja nayo tena. Haidari alijifungia bandani siku tisa, akatoka na tandiko la ngozi nyekundu lenye kiegemeo na mikanda mipana, na siku ya Ijumaa baada ya swala mji wa Kasimuna ulimwona binti wa Sultani akitoka lango kuu juu ya farasi wa kweli, aliyekula shayiri ya kweli, na aliyemkanyaga kadhi kidole. Baba yake alisimama ukutani akimtazama mpaka vumbi likamficha.

Alipoteremshwa akamwambia, "Baba, nataka kuolewa, na nimtakaye ni Haidari bin Faraji."

"Mwanangu," akasema Sultani, "wana wa wafalme saba wamekuposa, na kila mmoja ameapa atakuletea mwezi."

"Huyu nilimwuliza siku tatu kama bado mbali," akasema Raihani, "akanijibu kweli siku tatu, na safari haikunichosha."

Sultani akainamisha kichwa, kisha akasema mbele ya baraza lote, "Ewe Haidari, nilikuvulia kilemba siku ya msiba, na leo nakuvika siku ya furaha." Akamvika kwa mkono wake, akamfanya mkuu wa farasi wote wa dola, na arusi ikachezwa siku saba, na matandiko yake yakatakiwa mpaka nchi za mbali, kwa kila aliyedhani hatapanda tena, na Mungu akambariki kwa mali isiyo na dhuluma.

Na maana ya habari hii kwa mwenye kuipokea ni kwamba fundi asimpe mtu dunia kwa kumhesabia punje zake zote, bali amwulize kwanza anakokwenda na anayekwenda naye. Nasi tuliyoyasikia ndiyo hayo, tumeyaacha mikononi mwenu; aliye na mwenziwe na amsogelee.