Ngwe Ishirini za Mama Teresa

Gogo halimalizwi kwa pigo moja la shoka, wala lengo halifikiwi kwa kulitazama. Awino wa Ndhiwa alikuwa ameandika lake kwa makaa nyuma ya mlango: njugu ziwe zimeota kabla ya Aprili kwisha. Wakati huo afisa wa kilimo angekuja kuchagua wakulima wa mbegu, na asiyekuwa na mimea shambani angengoja mwaka mwingine. Awino alikwisha kungoja mitatu.

Shamba lake alilima mapema, akakaa kusubiri mvua. Alisahau jambo moja. Katika boma lile, mke wa mwana hatii mbegu udongoni kabla ya mama mkwe, na shamba la Mama Teresa lilikuwa pori. Magoti yalimuuma mwaka mzima, jembe lake limeshika kutu.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Lynnet, dada ya mumewe, alimnong'oneza, "Panda tu, wifi. Mama haoni vizuri siku hizi."

"Macho yake mabovu, masikio je? Na mdomo wako naujua."

Awino akachukua jembe. Aligawa pori lile ngwe ishirini, akachora mistari ishirini mlangoni. Ngwe moja kila alfajiri, kabla ya kuchota maji na kuwaamsha watoto, na kila ngwe ikiisha anafuta mstari mmoja. Siku ya tatu viganja vilitoka malengelenge. Siku ya tisa alisinzia na kijiko cha uji mkononi, tope miguuni. Siku ya kumi na mbili alilima nusu, akaketi akalia kwa uchovu, kisha jioni akarudi kumalizia.

"Nyar Kosele," Mama Teresa alimwita kwa jina la kwao, "utakufa na jembe mkononi."

"Sina nafasi ya kufa, mama. Zimebaki nane."

Siku ya ishirini na moja Mama Teresa alipelekewa kiti shambani. Akadondosha njugu mbili katika shimo la kwanza, akazifukia kwa fimbo yake.

"Haya. Nenda kapande zako."

Awino alipanda siku ile ile.

Afisa alipofika, majani ya njugu yalikuwa yamefunika shamba. Aliandika jina la Awino, akamtafuta mwenyewe atie sahihi. Lynnet alimkuta kibarazani, amelala fofofo, kichwa ukutani. Nyuma yake, mlangoni, hapakuwa na mstari uliobaki. Bandu bandu huisha gogo.