Kompyuta Iliyofundishwa Kulala

Ukitaka kuruka, agana na nyonga. Wahenga walikuwa wakimwonya mtu anayetaka kufanya jambo kubwa: aulize kwanza kiungo kitakachombeba, maana nyonga haipendi kushtukizwa. Upepo aliijua methali hii tangu darasa la tatu. Aliijua kama wengi wetu tunavyoijua, yaani kwa kuikariri tu.

Upepo alikuwa mwandishi wa programu kwenye karakana moja ya ghorofa ya pili, yenye meza nne na feni ya kelele. Jina lake halisi lilikwisha kusahaulika kwa sababu ya mbio zake. Kazi yake ilikuwa kiini cha mfumo, ile programu ya ndani kabisa inayoamuru vifaa vyote vya kompyuta. Kwa miezi miwili alikuwa akiifundisha kompyuta ndogo ya wakunga kulala. Mkunga akifunga kifuniko, yote yaliyomo kwenye kumbukumbu yaandikwe kwenye diski, kisha umeme ukatwe kabisa ili betri idumu safari nzima.

Wa kwanza kuipokea angekuwa dada yake mkubwa, mkunga wa vijijini. Mwaka uliopita daftari lake lilirowa mvua, akapoteza habari za wajawazito thelathini, akalia kwikwi. "Dada, hutalia tena," Upepo alimwahidi. Sasa siku ilikuwa imefika. Gari la dada lingeondoka saa tisa alasiri, na kompyuta isipokuwa tayari, angerudia daftari.

Saa nne asubuhi dada aliingia, mkoba begani.

"Zamani ilichukua sekunde nane kulala," Upepo alitamba. "Mimi nimeifikisha sekunde moja! Naviambia vifaa vyote kwa pamoja: laleni!"

Fundi mkongwe wa pale, ambaye karakana nzima ilimwita Shangazi ingawa hakuwa shangazi wa yeyote, aliinua macho kutoka kwenye kikombe. "Umeviuliza nani anamtegemea nani?"

"Shangazi nawe! Kompyuta ina ukoo?"

"Haya," Shangazi akasema, akaendelea na chai yake.

Dada aliandika majina matatu ya majaribio, akafunga. Sekunde moja, kimya. Akachomoa betri, akairudisha, akawasha. Kioo kilikuwa kitupu kama sahani iliyooshwa. Upepo alinywea.

Hakukawia kuliona kosa. Diski ilikuwa imelala kabla kumbukumbu haijaandikwa.

"Yaani umemlaza karani kabla hajaandika?" dada aliuliza. "Mdogo wangu, mimi nikizalisha sizimi taa kwanza, halafu ndipo nianze kutafuta uzi wa kufungia kitovu!"

Shangazi alicheka mpaka chai ikampalia. Upepo naye alicheka, ijapokuwa aliona aibu kwelikweli.

"Vuta kiti," Shangazi alimwambia. "Tuuchore huo ukoo."

Waliuchora juu ya kifuniko cha boksi. Kibodi ilitegemea njia yake ya mawasiliano, nayo njia ilitegemea ubao mkuu unaobeba vifaa vyote. Basi kila kifaa kilale kabla ya kile kinachokibeba, na diski isifumbe jicho mpaka iandike herufi ya mwisho.

Saa saba walijaribu tena. Majina yalikuwepo! Upepo alirukaruka, lakini dada alipobonyeza kibodi, hapakutokea hata herufi. Kwa pupa yake Upepo alikuwa ameviamsha vifaa kwa mpangilio uleule wa kuvilaza, kibodi ikaitwa wakati njia yake ingali usingizini.

"Sasa umemwamsha mtoto, mama yake bado anakoroma," dada alisema. "Nani atamnyonyesha?"

Upepo aliugeuza mpangilio: wa mwisho kulala akawa wa kwanza kuamka. Safari hii alimuuliza Shangazi juu ya kila mstari.

Ilipofika saa nane na nusu, dada aliandika habari za mama wa kwanza kwenye orodha ya safari yake. Alifika "anatarajia mapa", akakatiza neno makusudi, akafunga kifuniko. Wote watatu walihesabu sekunde kwa sauti hadi sita, ndipo ikalala. Betri ikatolewa, ikarudishwa. Kioo kiliwaka, na neno lilikuwa pale pale likisubiri. Dada aliongeza "cha", akamkumbatia mdogo wake huku machozi yakimtoka.

"Uliniahidi sitalia tena," alisema akicheka. "Muongo we!"

Honi ya gari ililia barabarani. Upepo aliitia kompyuta kwenye mkoba wa dada, akaunyakua, akaelekea ngazi mbio kama kawaida yake.

"Kamba za viatu!" Shangazi aliita.

Upepo alisimama. Akaweka mkoba chini, akainama, akafunga kiatu cha kushoto, kisha cha kulia, ndipo akashuka ngazi mbilimbili bila kujikwaa, na gari lilikuwa bado linangoja. Kweli, ukitaka kuruka, agana na nyonga.