Nailoni Juu ya Viti

Wapendwa, asubuhi hii twendeni pamoja uani kwa mtu, tukatazame gari linalouzwa.

Palikuwa na fundi mmoja wa mitambo kwenye shamba la mkonge. Mgiriki mwenye shamba alipokuwa anaondoka nchini, fundi huyu alinunua gari lake, saluni ya Kimarekani ya mwaka 1964, milango minne, ndefu kuliko chumba alichokuwa amepanga. Usukani ulikuwa kushoto. Kwa hiyo mke wake aliketi kulia, upande ambao sisi tumezoea kumwona dereva, na watoto wa mtaani walimshangilia yeye.

Ndani mlikuwa na viti viwili tu, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja kirefu kama benchi la kanisani. Kitambaa chake kilikuwa cha rangi ya damu ya mzee. Na juu ya kitambaa palikuwa na nailoni ya kiwandani. Mgiriki hakuwa ameitoa. Fundi naye hakuitoa. Alisema, "Gari hili litabaki jipya."

Mnamjua mtu huyo, sivyo? Wengine mmeketi naye benchi moja.

Miaka zaidi ya hamsini ikapita. Macho ya fundi yakapungua nguvu, akaacha kuendesha. Akaja mnunuzi wa chuma chakavu, akataka kulikata gari vipande na kulipakia kwenye lori. Mzee akamfukuza. Alikuwa anataka jambo moja tu kabla hajafa, gari lile litoke uani kwa magurudumu yake yenyewe.

Siku moja akaja mama mmoja mwenye magari ya kubebea maharusi. Alikuwa ameongozana na fundi wa viti.

"Bodi nimeipenda, baba," yule mama akasema. "Injini nimeisikia. Lakini maharusi wanapigwa picha humo ndani. Viti vikiwa vimeoza, silichukui."

Mzee akacheka. "Vimeoza? Mwanangu, tangu viti hivi vitoke Marekani hakuna nguo ya mtu iliyogusa kitambaa. Isipokuwa upande ule wa mbele, kulia. Huo mnisamehe. Umeharibika."

Maneno hayo alikuwa amemwambia kila mgeni aliyepanda gari lile.

Fundi wa viti akafungua mlango wa nyuma. Hakutazama kwanza. Alinusa. Kisha akabonyeza kiti kwa kidole gumba, na kiti hakikurudi juu.

"Mzee, naomba ruhusa nifunue."

"Funua. Uone kazi ya watu."

Akaishika nailoni kwenye pindo, akaivuta. Kitambaa kikaja nayo. Kilikuwa kimegandia nailoni chote, kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Chini yake palikuwa na ukungu, na chini ya ukungu springi zilizoliwa na kutu. Unyevu wa miaka hamsini uliingia ukakosa pa kutokea. Akaenda mbele, upande wa dereva. Hali ilikuwa ile ile.

 Macho ya mzee hayakuwa yakiona vizuri, lakini pua ilikuwa imeshamwambia.

Kisha fundi wa viti akazunguka hadi upande wa kulia. Kumbukeni, hili ni benchi lile lile la mbele, la kitambaa kile kile, lililopigwa na jua lile lile. Lakini hapa nailoni ilikuwa imekatwa kwa mkasi toka juu hadi chini. Kitambaa kilikuwa kimepauka. Kilikuwa na doa la maziwa, na alama ya mafuta pale mtu anapoweka mkono. Fundi akabonyeza. Kiti kikarudi juu. Akabonyeza tena, kikarudi tena.

"Huku nani alikata?"

"Huyu hapa," mzee akasema, akamwelekezea mkewe kidevu. "Hata mwaka ulikuwa haujaisha tangu nilinunue. Nilimnunia wiki mbili."

"Tatu," mke akasema. "Ilikuwa inaniunguza mapaja, baba. Na nikijisogeza inalia kama bata. Mtu mzima nitaendaje kanisani nikilia kama bata?"

"Na hili doa la maziwa?"

"La mtoto wa jirani. Tulikuwa tunampeleka zahanati. Huyu baba alisema akae mapajani kwangu, nyuma asiguse. Alipopona, alirudi amesimama hapo hapo miguuni kwangu, anacheza na redio."

Mama wa magari ya harusi akafunga mkoba wake. "Basi, baba. Nusu ya kiti kimoja hainitoshi. Pole sana."

Fundi wa viti akamzuia. "Dada, ngoja. Bila huu upande, mimi nisingejua pa kuanzia. Huku naona uzi ulivyofumwa, naona mshono ulipopita, naona unene wa sponji. Nikifunua pindo, rangi ya mwanzo ipo. Nitashona vyote nikipima kwa huu. Ila huu siugusi. Huu ndio kiolezo."

Yule mama akatafakari, akakubali. Juma lililofuata gari lile likatoka uani kwa magurudumu yake. Kabla halijatoka, dereva mpya aliuliza mbona kiti kimepauka upande mmoja. Mzee aliyekuwa ameuombea radhi upande huo maisha yake yote akajinyoosha, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Usiuguse huo. Huo ni upande wa mke wangu."

Sasa tutoke uani kwa watu, turudi hapa kwetu.

Mimi sisemi fahari ni mbaya. Mzee yule alikuwa na haki ya kulionea fahari gari lake, alilitolea jasho. Kosa lake lilikuwa pa kuiweka fahari. Aliiweka kwenye kitambaa kisichoguswa, akaionea aibu sehemu iliyofanya kazi. Na sisi je? Ni nani hapa ana vikombe kabatini ambavyo havijawahi kutiwa chai? Ni nani ana Biblia yenye zipu, na zipu haijui kufunguka? Ni nani ana sauti ya kuimba anayoitunza mpaka apate kwaya ya hadhi yake?

Mnacheka. Basi tazameni mbele yenu.

Mabenchi haya mapya ni ya mninga. Aliyachonga fundi Mrutu, yule pale, mtoto wa usharika huu. Mito yake mlishona nyinyi akina mama, na mkaichagulia rangi, damu ya mzee. Sijaona mabenchi kama haya usharika mwingine wowote, na nasema hivyo kwa fahari. Lakini hii ni Jumapili ya nne tangu yaletwe. Safu tatu za mbele bado zina nailoni, tunamngoja Baba Askofu, na nyuma kule watu wamesimama. Aliyesema nailoni isiguswe ni nani? Ni mimi. Wazee wa kanisa ni mashahidi. Msimlaumu mtu mwingine.

Mama Nakijwa, wewe ni mshonaji, najua mkasi umo kwenye pochi yako. Ulete hapa. Asante.

Yule mama muuza mkaa, hapo mlangoni. Ndiyo, wewe. Usitazame mikono yako. Njoo na mtoto wako, hata kama ana chupa ya maziwa. Nyinyi vijana wa gereji, njooni na ovaroli zenu. Askofu akija Desemba nitamtembeza safu kwa safu. Nitamwambia, Baba, doa hili ni la fulani, na pale palipopauka aliketi fulani, na hawa ndio fahari yetu.

Nimekwisha kukata. Kaeni.