Karibu Iliyomeza Karamu

Paukwa!

Pakawa!

Mh. Hiyo ni pakawa ya watu waliokunywa uji mwepesi. Hadithi yangu leo ina kaa, ina pweza, ina papa wa nazi. Niitikieni kama watu wenye meno. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo kale, kale ambayo hata babu yake babu yangu aliiita kale, palikuwa na kijiji kando ya maji. Kilikuwa na bahari mbele na njaa nyuma, na katikati kilikuwa na ngoma moja kuu. Wazee wa wazee waliichonga kwa gogo la mfenesi, wakaiita Babu Kishindo. Ikilia, ndu, ndu, nduuum, kuku wa kijiji cha tatu walitaga kabla ya siku yao.

Na mila ilikuwa moja: bibi harusi hatoki ndani mpaka Babu Kishindo anene mara tatu. Asiponena, hakuna harusi. Kuna wali tu.

Siku moja ngozi ikapasuka na gogo likapata ufa. Ukiipiga, haisemi tena nduum. Inasema pwaya. Semeni nami: pwaya, pwaya.

Mwenye shida kubwa alikuwa Pandu Shaame, mvuvi mwenye sauti ya kuitia mtu aliye kisiwa kingine. Binti yake, Raya, alikuwa ameposwa, na hina imeshapondwa. Watu wa upande wa mume wakatuma neno: "Tumesubiri miezi mitatu. Mwezi ukiandama tena na ngoma haijalia, tutachumbia kwingine."

Fundi wa ngoma aliishi mbali, na hakuwa mtu wa kulipwa kwa shukrani. Pandu akaenda kwa Bibi Mkasi.

Huyu bibi hatunaye tena, lakini jina lake lipo. Mkasi kwa jina, mkasi kwa ulimi. Alikukata, na badala ya damu kikakutoka kicheko.

"Fedha hatuna, bibi yangu," Pandu akasema.

"Kuna nini baharini?"

"Samaki."

"Na ng'ambo kuna nini?"

"Matajiri wasiojua kuvua."

"Basi unanililia nini? Tupike. Wao waje wale, na kila anayeingia atoe chochote mlangoni kwa ajili ya ngoma."

Kijiji kikaingia majini. Chubwi, chubwi, chubwi. Wakatoka na kaa, pweza, papa, ngisi, chewa, na kamba koche, yule kamba mkubwa wa mwambani mwenye ndevu ndefu kuliko za kadhi. Vyungu vikapangwa, nazi zikakunwa, kwaru, kwaru, kwaru. Uwanja ukazungushiwa makuti, ukaachwa mlango mmoja, na habari ikavushwa ng'ambo: kuna karamu, na mlangoni hutolewa cha ngoma.

"Mlangoni nitakaa mimi," akasema Pandu. "Harusi ni ya mwanangu."

Bibi Mkasi akamtazama mdomoni. "Sawa. Lakini kuna neno moja usilitamke. Usiseme karibu. Wajua mila yetu: aliyekaribishwa hadaiwi. Ukimkaribisha mtu kisha ukamtaka fedha, umemtukana yeye na mama yake."

"Nitasema nini basi?"

"Sema, ngoma inawasubiri."

Pandu akashika njia akijifunza. Ngoma inawasubiri. Ngoma inawasubiri. Akamwambia mbuzi, akauambia mnazi. Mkewe alipomletea maji akamwambia naye, na mkewe akauliza kama amelala vizuri.

Mchana wageni wakafika. Walikuwa wengi, na mbele yao alikuwa Mwinyi Mcha, tajiri wa ng'ambo, mtu wa tumbo kubwa na mkono mfupi. Fedha ameifunga kiunoni, na fundo lake lilihitaji meno kulifungua. Akafika mlangoni, akasimama. Akamtazama Pandu, akatabasamu kidogo.

"Hodi," akasema.

Lo. Hilo hata Bibi Mkasi hakulifikiria. Hodi ina jibu moja tu duniani.

Pandu akafumba mdomo. Karibu imeshapanda hadi kooni.

"Hodi," akarudia Mwinyi Mcha.

Pandu akaziba mdomo kwa kiganja. Mashavu yamevimba kama ya bunju, yule samaki wa kujijaza upepo. Na mnajua ninyi: hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mgeni hugeuka akaenda zake, na wote walio nyuma yake humfuata.

"Ho..." akasema Mwinyi Mcha, na mguu mmoja ameshaugeuza, "...di."

"KARIBUNI!"

Ikatoka. Ikafika kisiwani, ikarudi.

Mwinyi Mcha akalipapasa fundo lake kiunoni, akaliacha lilivyo. "Mmesikia, jamani," akawaambia wenzake. "Tumekaribishwa."

Wakaingia bure, wote. Wakakaa, wakanawa, wakaanza. Kaa wakavunjwa, kwa, kwa, kwa. Supu ikanywewa, sruuu. Mwinyi Mcha alikula kwa mikono miwili na akatamani wa tatu.

Nyuma ya vyungu Raya alikuwa akipakua, na machozi yanamshuka.

"Unalia nini?" Bibi Mkasi akamuuliza.

"Vitunguu, bibi."

"Vitunguu vimekwisha tangu asubuhi, mjukuu wangu."

Pandu akaja kichwa chini. "Bibi, nikate ulimi."

"Nikukate ili nani aniitie wavuvi? Neno likitoka halirudi. Wageni wamekaribishwa, waache wale. Raya, waongeze."

"Tuwaongeze tena?" Pandu akashangaa.

"Hasa yule mwenye tumbo. Mtu mwenye njaa hukimbia upesi."

Wakaongezwa. Wakaongezwa tena. Ikafika saa ambayo mgeni akitaka kusimama anashauriana kwanza na magoti. Hapo Bibi Mkasi akanawa mikono, akajifunga kanga kiunoni, akasema, "Sasa waleteeni ngoma."

Mila ni mila. Mgeni akishakula, huimbiwa, na akitajwa jina lake kwenye wimbo, huinuka akamtuza mwimbaji. Asipotuza, mwimbaji huendelea na ubeti mwingine. Mwinyi Mcha alikuwa ameisahau hiyo. Kaa hupunguza akili.

Babu Kishindo akawekwa katikati. Bibi akampiga. Pwaya.

"Mtuwie radhi," akasema. "Mzee wetu ana kidonda tumboni. Lakini sauti yangu ninayo." Akaanza:

*Mwinyi Mcha mgeni, mwana wa nasaba,*
*Hakubakisha gando, kala kaa saba.*

Pwaya, pwaya. Watu wakacheka. Mwinyi Mcha naye akacheka, akabaki amekaa.

*Pweza naye kamla, kamla na wino,*
*Kichwa cha chewa nacho, kakitia jino.*

Pwaya, pwaya. Sasa watu wanajipiga mapaja. Mwinyi Mcha hacheki. Bado amekaa.

Bibi Mkasi akamsogelea taratibu, macho yake yako juu ya kofia. Kofia hiyo iliingia imelala kichwani. Sasa imesimama kama kichuguu, na pembeni umechungulia udevu mmoja, mwekundu, mrefu.

*Na kofiani mwake, kuna kilofich...*

"Bibi," Mwinyi Mcha akaruka, akamshika mkono. "Wimbo mtamu huu. Umetosha."

"Una beti nyingi, baba. Huu ndio kwanza wa tatu."

"Umetosha, mama yangu. Umetosha kabisa."

Akalishika fundo kwa meno, akalifungua, akakung'uta fedha zote juu ya ngoma. Kwe-kwe-kwe-kwe. Wenzake kuona vile, hawakungoja kutajwa. Aliyeficha ngisi mkobani alituza. Aliyekula sahani ya mkwewe alituza. Na mmoja ambaye hakufanya lolote alituza pia, kwa hofu ya asichokumbuka.

Pandu akamkimbilia bibi. "Bibi, hatujamdai mtu?"

"Nani amdai mgeni?" akasema Bibi Mkasi, anajifungua kanga. "Mgeni hadaiwi. Husifiwa."

Fundi akaja, gogo likazibwa, ngozi mpya ikawambwa. Ikabaki siku moja mwezi uandame. Kesho yake alasiri, ndu, ndu, nduuum, mara tatu, na Raya akatoka na hina yake mpaka viwikoni. Hakuna aliyekatakata kitunguu siku hiyo, lakini Pandu alilia.

Akiwa hivyo, mlangoni pakaitwa, "Hodi."

"KARIBU!" akanguruma, na safari hii kwa ruhusa.

Alikuwa Mwinyi Mcha. Lakini kabla hajaingia alivua kofia, akaipindua ndani nje, akaizungusha ili watu wote waione. Tupu. Ndipo akapita.

Tangu hapo, kule kijijini, bahili akikunja mkono kwenye shughuli, watu humwambia polepole: "Ndugu, tusifike kofiani." Naye hukunjua.

Basi mkikaribisha, karibisheni kwa moyo, wala msimdai mgeni. Na wewe mgeni, ukila cha watu, kumbuka ngoma ya watu. Anayekupakulia anaona sahani yako, na kofia yako anaiona.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye ganda la kaa wa saba. Kamba koche aliko, muulizeni mwenye kofia.