Kungwi Mize na Amri ya Paswedi

Palikuwa na Sultani, jina lake Fakhri, simu yake ya bei mbaya, akili zake za kuazima. Siku moja akapigiwa na mtu asiyemjua. "Hongera Maulana, umeshinda gari! Nisomee tu hiyo namba iliyoingia kwenye simu yako." Sultani magari yake yanajaa banda zima, lakini mtu na cha bure! Akaisoma namba, tena kwa madaha, akairudia ili yule bwana aandike vizuri.

Ebo! Chai haijapoa, simu si yake tena. Mwizi kakaa ndani, anawaandikia raia kwa jina la Sultani: "Nimekwama, nitumieni vocha." Mji ulicheka mpaka ukashika mbavu. Wengine walituma kweli, masikini, wakidhani mambo ya ikulu yameharibika.

Sasa mkubwa akiumbuka, nani hubeba mzigo? Raia. Ikatoka amri: kila mwenye simu alete paswedi yake barazani, itunzwe na askari, eti kwa usalama wa nchi. Atakayekataa, gerezani.

Watu wakapanga foleni, wananung'unika huku wanasogea. Mmoja tu ndiye hakuonekana, Mize binti Shaame, mwanamke wa kibanda cha makuti na mdomo kama wembe. Kazi yake ukungwi, kuwafunda wari, mabinti wanaokwenda kuolewa. Na kungwi, wenzangu, kazi yake haiishi siku ya harusi. Mume akikorofisha, mke humkimbilia kungwi wake. Zamani walipita mlango wa uani. Siku hizi hujifungia chooni, wakanong'ona kwenye simu, wakamtumia sauti. Simu ya Mize ilijaa sauti za wake wa mji mzima. Ikifunguliwa, talaka zitanyesha, na wako watakaopigwa. Mize alilijua hilo, na moyo ulimdunda, msimwone vile.

Akaletwa barazani. Kulia kwa Sultani kaketi Waziri, kushoto Kadhi, askari wamejipanga nyuma.

"Wewe ndiye uliyeikataa amri yangu?"

"Sijaikataa, Maulana. Nimechelewa kuikubali tu."

"Lete paswedi!"

"Ataitunza nani?"

"Askari wangu kumi, waaminifu watupu."

"Siri ya watu kumi, Maulana, imebaki kupigiwa ngoma."

"Mbona mimi nimewapa yangu?"

"Yako nani haijui? Ni tarehe uliyotawazwa. Kila mwaka unaipigia mizinga."

Askari mmoja akaziba mdomo kwa kofia.

"Na nasikia," Mize akaendelea, "ndiyo hiyo hiyo ya hazina na ya lango la nyuma."

Waziri akapaliwa na mate. Sultani akafura.

"Mwanamke, usinifunde!"

"Nikufunde wapi, Maulana, umri umeshapita."

"Asiye na baya haogopi kufunguliwa!"

"Kweli kabisa. Ndiyo maana chooni sote tunaingia mlango wazi."

Sultani akapiga ngumi mkono wa kiti. "Sasa hata paswedi siitaki! Fungua simu yenyewe, hapa hapa, tusikie unachoficha!"

Hapo Mize akaitazama simu, akawatazama wale waume mmoja mmoja. Kisha akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Haya. Amri ni amri. Sauti nitaipandisha, na wa nyuma wasikie. Jina la mtu sitalitaja ng'o, huo ni mwiko wa kazi yangu. Lakini kila mume sauti ya mkewe ataijua. Tuanze na nani? Mheshimiwa Waziri?"

Waziri akainuka. "Maulana, joto limezidi leo. Tuahirishe."

"Basi Sheikh Kadhi?"

"Astaghfirullah!" Kadhi akaruka. "Maulana, dini imekataza watu kupelelezana!"

"Si wewe uliyeibariki amri asubuhi?" Sultani akafoka.

"Asubuhi nilikuwa sijakumbuka."

Askari nao wakaanza kuangalia dari. Mmoja, hakuambiwa na mtu, akaenda kumfungulia Mize mlango.

Akabaki Sultani peke yake na amri yake. Ana wake wanne huyo, na wote wanne walifundwa kwenye kibanda kile cha makuti. Akafikiri. Akakumbuka ya juzi, akakumbuka na ya mwezi wa mfungo. Jasho likamtiririka. Akainama mpaka kilemba kikamkalia upande, akanong'ona:

"Bibi Mize, bibi yangu, niambie kweli. Wangu... nao wamo humo?"

Mize akaipangusa simu kwa ncha ya kanga, taratibu.

"Hilo liko ndani ya simu, Maulana. Nikupe paswedi?"